Sheria Zisizoonekana Ubaoni: Jinsi Kompyuta Zilivyofunzwa Sataranji

Somo la nane katika masomo ya redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa na Afisa Elimu

Katika somo lililopita tulieleza asili ya mashine za kuhesabu, tukaona namna kazi ya makarani wengi ilivyoanza kufanywa na mashine moja. Leo tutatazama jambo linaloonekana dogo, lakini lililowafunza wataalamu mengi. Jambo lenyewe ni mchezo wa sataranji. Swali letu ni hili: ilikuwa kazi gani kuifanya kompyuta icheze sataranji kwa sheria zake zote? Nasema zote, wala sisemi nyingi. Maana kati ya sheria nyingi na sheria zote ndipo penye habari yetu ya leo.

Mwenye ubao wa sataranji na auweke mezani. Asiye nao asihangaike. Na achore miraba 64, yaani minane kwa minane, kwa mkaa au kwa kalamu, naye ataweza kutufuata.

ASILI YA SHERIA TATU

Sataranji ilianza Bara Hindi, ikaenda Uajemi, na kutoka Uajemi Waarabu waliipokea wakaieneza mbali. Jina tunalolitumia sisi, sataranji, limetokana na lile la Kiarabu, shatranj, ambalo Waarabu walilipata kwa Waajemi.

Katika mchezo ule wa kale mambo yalikuwa mepesi. Askari alikwenda mbele mraba mmoja tu. Mfalme hakuwa na njia ya pekee ya kujificha. Askari aliyefika mwisho wa ubao aligeuka kuwa waziri, naye waziri wa siku zile alikuwa dhaifu, akienda mraba mmoja tu kwa pembe.

Mchezo ulipofika Ulaya, watu waliona kwamba unakwenda polepole mno, wakaanza kuutengeneza upya. Askari akaruhusiwa kuruka miraba miwili katika mwendo wake wa kwanza. Kuelekea mwisho wa karne ya 15, waziri aligeuzwa kuwa malkia, mwenye nguvu kupita kete zote. Mfalme naye akapewa ruhusa ya kuruka mara moja, na ruhusa hiyo ikabadilika kidogo kidogo mpaka ikawa sheria tunayoijua leo. Basi sheria hizi ni kama viraka vilivyoshonwa juu ya kanzu ya zamani. Wala havikushonwa siku moja. Mojawapo ilikubaliwa Italia mwaka 1880 tu, baada ya kutumika kwingineko kwa muda mrefu.

Sasa tuzieleze moja moja.

Ya kwanza tutaiita kuingia ngomeni. Mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome yake, na ngome huruka ikasimama upande wa pili wake. Kete mbili husogea kwa mwendo mmoja. Lakini masharti ni mengi. Mfalme awe hajasogea tangu mchezo uanze, na ngome hiyo iwe haijasogea. Pasiwe na kete kati yao. Mfalme asiwe anatishwa wakati huo, wala asipite katika mraba unaoshambuliwa na adui, wala asifikie mraba unaoshambuliwa.

Ya pili tutaiita kula njiani. Askari wa adui akiruka miraba miwili na kutua ubavuni mwa askari wako, unaweza kumla kana kwamba amekwenda mraba mmoja tu. Sheria hii iliwekwa ili askari asitumie ruhusa ya kuruka kwa kumkwepa mwenziwe. Lakini haki hiyo ni ya zamu moja. Usipoitumia papo hapo, imekwisha.

Ya tatu ni kupanda cheo. Askari akifika mstari wa mwisho hugeuka kuwa malkia, au ngome, au askofu, au farasi, kama apendavyo mwenye kete.

JAMBO AMBALO JICHO HALILIONI

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Tuseme umefika mahali watu wanapocheza, ukatazama ubao. Mfalme yuko mahali pake, ngome iko konani, hakuna kete kati yao. Je, mfalme anaweza kuingia ngomeni? Huwezi kujua. Labda mfalme alitoka akarudi. Ubao unaonyesha mambo yalivyo; hauonyeshi yalivyokuwa.

Wachezaji wa bao la Kiswahili wanalijua jambo hili tangu zamani. Katika bao kila mchezaji ana nyumba yake, na nyumba yenye kete sita au zaidi ina haki zisizo za mashimo mengine, madhali haijapata kuchezwa na kete zake kutawanywa. Ikishachezwa, haki imekwisha, hata kama baadaye shimo lile lile litajaa tena. Mgeni akija barazani katikati ya mchezo, akahesabu kete nane katika shimo lile, hawezi kusema kama nyumba bado ni nyumba. Itambidi awaulize waliokuwapo.

Kompyuta ni kama mgeni yule. Ukiipa picha ya ubao peke yake, imepata kete na mahali pake, lakini haikupata haki za kete hizo. Mtu aliyelieleza jambo hili mapema na kwa uwazi ni Claude Shannon, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, katika makala aliyoitoa mwaka 1950. Alisema kwamba haitoshi mashine kuandika mahali pa kila kete. Lazima iandike pia zamu ni ya nani. Kama wafalme na ngome wamekwisha kusogea. Mwendo wa mwisho ulikuwa upi. Na miendo mingapi imepita tangu askari asogee au kete iliwe. Kwa maneno mengine, alitaka mashine iwe na ubao, tena iwe na daftari.

MASHINE ZA KWANZA

Tuone sasa waliojaribu walifanya nini.

Mwaka 1912 Mhispania Leonardo Torres y Quevedo alitengeneza mashine iliyocheza na mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake. Ilikuwa ajabu ya siku zake, lakini kwa kete tatu tu hakuna askari wa kupanda cheo wala wa kula njiani. Sheria tulizozitaja hazikumsumbua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Alan Turing pamoja na mwenzake David Champernowne walitunga kanuni za kuchezea sataranji. Kompyuta ya kuziendesha haikupatikana. Kwa hiyo mwaka 1952 Turing mwenyewe alifanya kazi ya mashine: alikaa na karatasi, akafanya hesabu za kila mwendo kwa mkono, akicheza na Alick Glennie. Alishindwa. Lakini kanuni zake zilikuwa na alama za pekee kwa mchezaji aliyeingia ngomeni, na hata kwa aliyebaki na haki ya kuingia. Hili liliwezekana kwa urahisi kwa sababu aliyekuwa akihesabu ni mtu, naye mtu hukumbuka bila kuambiwa akumbuke.

Mambo yalikuwa mengine kabisa kwenye mashine halisi. Mnamo Novemba 1951, katika mji wa Manchester, Dietrich Prinz aliendesha programu ya sataranji katika kompyuta ya Ferranti Mark 1. Haikucheza mchezo mzima. Ilitafuta jinsi ya kumnasa mfalme kwa miendo miwili. Ili iweze kuingia katika mashine ile, Prinz aliacha kuingia ngomeni, akaacha askari kuruka miraba miwili, akaacha kula njiani, akaacha na kupanda cheo. Tena mashine haikutofautisha mfalme aliyenaswa na mfalme asiyetishwa lakini asiye na mwendo. Wachezaji wanajua tofauti hiyo: wa kwanza ameshindwa, wa pili ametoka sare.

Mwaka 1956, huko Los Alamos, Marekani, wataalamu walitumia kompyuta iliyoitwa MANIAC. Hawa walipunguza hata ubao wenyewe. Uliobaki ni miraba sita kwa sita, bila maaskofu, bila kuruka miraba miwili, bila kuingia ngomeni. Hata hivyo mashine ilihitaji kama dakika 12 kwa mwendo mmoja. Ilicheza na mtu aliyefundishwa mchezo juma moja tu kabla, ikamshinda kwa miendo 23. Ulikuwa ushindi wa kukumbukwa, lakini haukuwa ushindi wa sataranji kamili.

Mchezo kamili, kwa ubao mzima na sheria zake, ulitimizwa na Alex Bernstein na wenzake huko New York, katika kompyuta ya IBM 704, mwishoni mwa miaka ya 1950. Programu yao ilichukua kama dakika nane kwa mwendo, nayo ilicheza kama mwanafunzi tu. Lakini aliyeketi mbele yake alicheza sataranji ile ile aijuayo.

Msidhani kwamba mambo yaliishia hapo. Kompyuta ndogo za nyumbani zilipotokea, ufinyu wa nafasi ulirudi. Mwingereza David Horne aliandika programu ya sataranji kwa mashine iitwayo ZX81, ikachapishwa kuanzia mwaka 1982. Ilitoshea katika baiti 672 tu, yaani nafasi ya herufi zisizojaza ukurasa mmoja wa kitabu. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Na nini kiliachwa nje? Zile zile tatu: kuingia ngomeni, kula njiani, na kupanda cheo.

MITEGO NJIANI

Kwa nini hizi tatu ndizo ziachwe kila mara? Sheria ya farasi huandikwa mara moja, ikatumika mahali popote na wakati wowote. Sheria hizi kila moja ina sharti lake, na kila sharti lina mtego.

Tuanze na kuingia ngomeni. Programu nyingi huweka ruhusa nne: mweupe upande wa mfalme, mweupe upande wa malkia, na mweusi vivyo hivyo. Mfalme akisogea, ruhusa zake mbili hufutwa. Ngome ikisogea, ruhusa yake hufutwa. Mwandishi asiye mwangalifu huishia hapo. Lakini je, ngome ikiliwa kwenye kona yake, nayo haikusogea kamwe? Asipofuta ruhusa hapo pia, siku moja ngome ya pili itakuja kusimama katika kona ile, na mashine itamruhusu mfalme aingie ngomeni na ngome isiyo yake. Haki ya marehemu imerithiwa na asiyestahili.

Tena kuna wanaozidisha ukali. Katika upande wa malkia, kati ya mfalme na ngome kuna miraba mitatu. Ule ulio jirani na ngome unaweza kushambuliwa na adui, na mwendo ukabaki halali, kwa sababu mfalme hapiti hapo. Programu inayokataa mwendo huo imemnyima mchezaji haki yake.

Katika kula njiani, mtego ni wa namna nyingine. Kwa kawaida kete huliwa pale pale mwenye kula anapotua. Hapa sivyo: askari wako anatua mraba mmoja, na anayeondoka alikuwa mraba mwingine. Kwa hiyo askari wawili huondoka katika mstari mmoja kwa mara moja. Wekeni mfalme mweupe mwanzo wa mstari, kisha askari mweupe, ubavuni mwake askari mweusi, na mwisho wa mstari ngome nyeusi. Kila askari peke yake anatosha kumkinga mfalme. Wakiondoka wote wawili, mfalme amebaki wazi, na kwa hiyo mwendo huo umekatazwa. Programu nyingi zilizokuwa zikicheza vizuri zimejikwaa hapo.

Mtego wa nne unawahusu wote. Kompyuta hufikiri kwa kujaribu mwendo, kutazama yatakayotokea, kisha kuurudisha na kujaribu mwingine, maelfu kwa maelfu. Inaporudisha mwendo, haitoshi kurudisha kete mahali pake. Lazima irudishe na haki zilizokuwapo kabla. La sivyo, mfalme atapoteza ruhusa yake kwa sababu ya mwendo ambao hakuufanya, bali uliowaziwa tu.

Ili daftari hili liweze kupelekwa kutoka programu moja hadi nyingine, watu walihitaji namna moja ya kuliandika. Katika karne ya 19 mwandishi wa gazeti wa Uskoti, David Forsyth, alitunga njia ya kuandika ubao mzima kwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Katika miaka ya 1990 Steven Edwards aliiongezea yale yaliyohitajiwa na kompyuta: zamu ni ya nani, ruhusa za kuingia ngomeni, mraba wa kula njiani kama upo, na hesabu ya miendo. Ukilinganisha na orodha ya Shannon ya mwaka 1950, utaona kwamba ni karibu mambo yale yale.

KUPIMA KWA KUHESABU

Basi mwandishi wa programu atajuaje kwamba hakukosea? Akicheza nayo michezo kumi, huenda kula njiani kusitokee hata mara moja. Njia iliyopatikana ni ya kuhesabu. Kompyuta huambiwa ihesabu miendo yote iwezekanayo tangu mwanzo wa mchezo, bila kuchagua mzuri wala mbaya, na jibu lake hulinganishwa na jibu lililokwisha kuthibitishwa na programu nyingi.

Mweupe ana miendo 20 ya kuanzia. Mweusi akijibu, njia zimefika 400. Baada ya zamu tatu ni 8,902; baada ya nne ni 197,281; baada ya tano ni 4,865,609. Katika zamu hiyo ya tano ndipo kula njiani kunapowezekana kwa mara ya kwanza, nako hutokea mara 258. Kwa hiyo programu isiyojua sheria hiyo itajibu 4,865,351. Imepata karibu yote. Imekosa moja tu katika kila kama 18,900. Mwalimu mpole angeipa alama zote. Lakini mpimaji hukataa, naye anafanya vyema, kwa maana aliyekosa 258 hakukosa kuhesabu. Amekosa sheria nzima.

Na hata hesabu ina mipaka yake. Kuingia ngomeni hakuwezekani kabla ya zamu ya saba, na kupanda cheo hakuwezekani kabla ya zamu ya tisa. Programu isiyojua kabisa kuingia ngomeni itatoa jibu sahihi la zamu sita, nalo ni 119,060,324. Fikirini, ndugu wasikilizaji: zaidi ya milioni 119 bila kosa, na bado haijui mchezo! Ndiyo maana wapimaji hawaanzi kwenye ubao wa mwanzo tu. Huchagua pia mabao yaliyopangwa makusudi, yaliyojaa hatari za sheria hizi tatu, ili kila kona iguswe mapema.

FAIDA YA SOMO HILI

Mnamo Mei 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, huko New York, kwa alama tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu. Siku hiyo watu walizungumza juu ya nguvu ya mashine. Mimi ningependa mzungumze pia juu ya unyofu wake. Bingwa hawezi kukaa mezani na mashine isiyojua haki zake zote. Kabla ya nguvu, sharti uwepo uaminifu.

Leo yule anayejifunza sataranji kwa simu, akaliwa askari wake njiani, mara nyingi hulalamika kwamba mashine imemwibia. Asikilizwe kwa upole, kisha aonyeshwe sheria, maana huenda mashine ndiyo yenye haki. Lakini siku mashine inapomkatalia mwendo halali, yeye ndiye aliyeibiwa, tena bila wa kumlalamikia. Sheria isiyotumika mara nyingi ndiyo ambayo mwenye haki huihitaji sana siku yake inapofika.

Wengi wenu ni makarani, waweka hazina wa vyama vya ushirika, au wajumbe wa mabaraza. Mnajua kwamba haki ya mwanachama haisomwi usoni mwake. Imeandikwa daftarini: aliingia lini, alilipa nini, alijitoa akarudi au hakujitoa. Kanuni ya wengi ni rahisi kuitekeleza. Kazi hupimwa kwa yule mmoja ambaye habari zake si kama za wengine. Waandishi wa programu za sataranji walilijua hilo kwa taabu ya miaka mingi, juu ya ubao wa miraba 64.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Tajeni sheria tatu za pekee za sataranji. Ni zipi kati ya hizo ambazo haziwezi kuamuliwa kwa kutazama ubao peke yake, na kwa nini?

2. Pangeni ubao tulioueleza, wenye mfalme, askari wawili na ngome katika mstari mmoja. Mwonyesheni mwenzenu kwa nini kula njiani kumekatazwa hapo.

3. Prinz na wataalamu wa Los Alamos waliacha baadhi ya sheria kwa sababu mashine zao zilikuwa ndogo. Je, walifanya vyema kuanza na kidogo? Toeni hoja za pande zote mbili.

4. Katika kazi au chama chenu, ni haki gani isiyoweza kujulikana ila kwa kufungua daftari? Nini hutokea daftari likipotea?

Viongozi wa vikundi waandike majibu kwa ufupi na kuyahifadhi, maana tutayarejea katika somo lijalo, tutakapoeleza jinsi kompyuta zinavyochagua mwendo mmoja kati ya mingi. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.